Tiramisu nyepesi: kipi kipunguzwe na kipi kiachwe

Tiramisu ni kitindamlo cha Kiitaliano cha tabaka za biskuti zilizochovywa kwenye kahawa na krimu ya maskarpone, jibini laini yenye mafuta mengi. Mapishi mengi yanayoitwa "tiramisu nyepesi" yanafanana kwa jambo moja: yanaondoa maskarpone yote, yanaweka mtindi usio na mafuta mahali pake, kisha yanamwachia mpishi bakuli la krimu chachu inayovuja maji na biskuti zilizolowa hadi zikawa uji. Anayeonja kijiko cha kwanza huamua kwamba kitindamlo hiki hakipunguziki, na kwamba ni heri kula kidogo cha asili kuliko kingi cha bandia. Uamuzi huo una haki yake, ila kosa halikuwa katika kupunguza. Lilikuwa katika kupunguza bila kujua kila kiungo kimewekwa kwa kazi gani. Maskarpone, sukari, mayai, biskuti, kahawa na kakao havibebi mzigo sawa wa nishati, wala havifanyi kazi moja, na mpishi akishavitenganisha kwa hesabu ataona kwamba vipo vinavyoweza kupunguzwa kwa nusu bila mlaji kulalamika, na vipo ambavyo ni afadhali viongezwe.

Tiramisu ilitoka kaskazini mashariki mwa Italia. Mgahawa unaotajwa zaidi ni Le Beccherie wa mjini Treviso, uliokuwa wa familia ya Campeol, ambako mpishi wa vitamutamu Roberto Linguanotto na Alba, mke wa mwenye mgahawa Ado Campeol, wanahusishwa na kuiingiza katika orodha ya vyakula mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jimbo jirani la Friuli Venezia Giulia halikubaliani na simulizi hiyo, na mwaka 2017 serikali ya Italia iliiandikisha tiramisu miongoni mwa vyakula vya jadi vya jimbo hilo, jambo ambalo halikupokelewa vizuri Treviso. Ugomvi huo tuwaachie wenyewe. Linalotuhusu sisi ni kwamba chini ya tiramisu kuna desturi ya zamani zaidi ya jimbo la Veneto, lenye mji wa Treviso, ya kupiga viini vya mayai pamoja na sukari na kumpa mtoto, mgonjwa au mwanamke aliyetoka kujifungua ili apate nguvu, kama mzazi wa Kichaga anavyopewa mtori. Chakula kilichobuniwa kwa nia ya kumrudishia mtu nguvu hakiwezi kuwa chepesi kwa bahati, na ndiyo maana upunguzaji wake unahitaji mpango.

Mapishi yaliyowekwa kwa hati ya kisheria na tawi la Treviso la Accademia Italiana della Cucina, chama cha kuhifadhi mapishi ya Kiitaliano, mwezi Oktoba 2010 ni mafupi mno: viini 12 vya mayai, nusu kilo ya sukari, kilo moja ya maskarpone, biskuti 60 za savoiardi (zile ndefu, nyepesi, zenye umbo la kidole), kahawa na unga wa kakao. Hakuna ute wa yai, hakuna krimu ya kupiga, na hakuna pombe. Divai ya Marsala na romu zinazoonekana katika mapishi mengi ya leo hazimo katika hati hiyo, kwa hiyo Mwislamu anayeziacha hapungukiwi na chochote cha asili. Tena, kwa kuwa kila gramu ya pombe ina kilokalori 7, kuziacha ni hatua ya kwanza ya kupunguza.

Sasa tuhesabu, tukijua kwamba takwimu hizi ni za makadirio kwa sababu bidhaa hutofautiana kidogo kutoka kiwanda kimoja hadi kingine. Gramu 100 za maskarpone zina takriban kilokalori 430, hivyo kilo moja inaleta 4,300. Nusu kilo ya sukari inaleta zaidi kidogo ya 1,900. Biskuti 60, tukichukulia kila moja ina uzito wa gramu 8, zinaleta karibu 1,900 nyingine. Viini 12 vinaleta kama 660 tu. Kahawa isiyo na sukari haileti kitu, na kakao ya kunyunyizia juu haifiki hata mia. Jumla ni karibu 8,800, na ukikata trei hiyo vipande 20, kila kipande kina kilokalori 440. Nusu ya mzigo wote, basi, imo katika kiungo kimoja, na ile nusu nyingine wanagawana sukari na biskuti karibu sawasawa, huku viini vya mayai, ambavyo wengi huvikimbilia kwanza kwa kuogopa lehemu, vikiwa na mchango mdogo wa nishati kuliko vyote vitatu.

Hesabu hiyo inatuonyesha pa kukata. Haituonyeshi namna ya kukata, na hapo ndipo mapishi mengi yanapoharibika.

Maskarpone huitwa jibini, lakini haigandishwi kwa kimeng'enyo kama jibini nyingine. Ni krimu ya maziwa iliyopashwa moto hadi karibu nyuzijoto 85 au 90 za Selsiasi, ikatiwa asidi kidogo, kwa kawaida ya limau au ya zabibu, kisha ikachujwa maji yake. Zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake ni mafuta. Mafuta hayo hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Kwanza, yanaipa krimu umbo: yakiwa baridi huwa magumu, na kipande kinasimama kwenye sahani bila kusambaa. Pili, yanabeba harufu, kwa sababu sehemu kubwa ya manukato ya kahawa na kakao huyeyuka vizuri zaidi katika mafuta kuliko katika maji, na hutoka polepole mdomoni yanapoyeyuka. Tatu, ambayo husahaulika sana, yanachukua nafasi ambayo vinginevyo ingechukuliwa na maji. Gramu 100 za mtindi wa kawaida zina maji kati ya gramu 85 na 88. Maskarpone ina karibu nusu yake tu. Anayebadilisha kimoja kwa kingine, kilo kwa kilo, ameongeza karibu nusu lita ya maji ndani ya trei bila kujua, na maji hayo hayana pa kwenda isipokuwa kwenye biskuti ambazo tayari zimeshashiba kahawa.

Kwa hiyo suala la kwanza la tiramisu nyepesi ni maji. Mafuta yanakuja baada yake.

Kibadala kinachofaa lazima kiwe kimenyimwa maji kabla hakijaingia kwenye bakuli. Mtindi mzito uliochujwa, unaouzwa kwa jina la mtindi wa Kigiriki na ambao ndugu zetu wa Omani na nchi za Ghuba wanaufahamu kwa jina la labneh unapochujwa hadi kukaza, ndio unaopatikana kwa urahisi zaidi, na hauhitaji kununuliwa ukiwa tayari. Chukua mtindi wa maziwa yasiyopunguzwa mafuta, usiotiwa sukari wala ladha, mimina kwenye kitambaa safi cheupe chenye nyuzi nyembamba, funga ncha zake, weka juu ya chujio lililokaa kwenye bakuli refu, uingize kwenye friji usiku kucha. Asubuhi utakuta bakuli lina maji ya rangi ya manjano hafifu, na kwenye kitambaa kimebaki kitu kizito kinachoachana na nguo kikiwa bonge moja, kiasi cha nusu ya ulichoweka. Ukipitisha kijiko katikati yake, mfereji unabaki wazi. Ukijifunga, rudisha kwenye friji kwa saa nyingine mbili. Yale maji yasimwagwe, kwani yanakandia unga wa chapati au mandazi vizuri sana. Mtindi wa lala au wa kienyeji unafaa pia, ila uwe haujachachuka sana. Uchachu ukizidi unapigana na kahawa, na mlaji huhisi kana kwamba maziwa yameharibika.

Rikota, jibini laini inayotengenezwa kwa kupasha tena maji ya jibini, ni chaguo zuri kwa anayeipata. Ina karibu theluthi moja ya nishati ya maskarpone na ladha yake ni ya utamutamu wa maziwa, bila uchachu. Tatizo lake ni chembechembe. Lazima ipitishwe kwenye chekecheo jembamba au isagwe kwenye blenda hadi iwe laini, na hata hapo huchuruzika maji ikikaa siku mbili. Jibini ya kupaka yenye mafuta pungufu, ambayo wengi huiona dukani na kuidhania ni ndugu wa maskarpone, sipendekezi: ina chumvi, na chumvi hiyo hujitokeza zaidi sukari inapopunguzwa. Ama krimu ya kupiga, ambayo mapishi mengi huiweka badala ya mayai, mafuta yake ni asilimia 35 hivi, na kuiongeza juu ya maskarpone hakupunguzi lolote. (Ukisoma karatasi ya pakiti ya krimu hiyo mara nyingi utakuta karajini, kiungo cha kuizuia isijitenge, kinachotolewa kwenye mwani wa aina zile wanazolima akina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar.)

Kuondoa maskarpone yote si busara. Ladha ya tiramisu inakaa humo, na kilichobaki bila hiyo ni kitindamlo kingine, pengine kizuri, lakini chenye haki ya jina jingine. Uwiano ninaouona unafaa ni sehemu mbili za maskarpone kwa sehemu tatu za mtindi uliochujwa, au mbili kwa tatu na chembe zaidi ya mtindi kwa mpishi jasiri. Zaidi ya hapo uchachu unatawala.

Kiungo kingine cha kupunguzia ni hewa, nayo haina gharama wala kalori. Wagawaji wengi wa kitindamlo hupima kwa jicho: wanakata kipande chenye upana fulani na kimo fulani, hawakiweki kwenye mizani. Krimu iliyojazwa hewa hujaza kimo kilekile kwa uzito mdogo, na mdomoni huhisika nyepesi hata kabla ya hesabu yoyote. Mapishi ya Treviso hayana ute wa yai, na hapa toleo jepesi linaachana nayo waziwazi, kwani ute ndio unaoshika hewa vizuri kuliko kitu chochote jikoni. Protini zake zikipigwa hufunguka na kuunda utando mwembamba kuzunguka kila kipovu. Sukari kidogo hufanya utando huo uwe imara na uchelewe kudondosha maji. Mafuta ni adui wa kazi hiyo, hata tone la kiini, na ndiyo sababu bakuli la kupigia ute lazima liwe kavu na safi kabisa.

Kuhusu sukari, hesabu ya Treviso inashangaza: nusu kilo kwa vipande 20 ni gramu 25 kwa kipande, kabla hujahesabu iliyomo kwenye biskuti. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari za kuongezwa na za namna hiyo zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba ni bora zaidi zikishuka chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni karibu gramu 25. Kipande kimoja cha asili, basi, kinamaliza kiwango hicho bora cha siku nzima. Bahati nzuri sukari ndiyo inayokubali kupunguzwa kwa urahisi kuliko vyote, kwa sababu biskuti tayari ni tamu na kahawa haitiwi sukari. Gramu 8 hadi 9 kwa kipande zinatosha, mradi kitindamlo kisiliwe kikiwa baridi mno. Ulimi huhisi utamu kidogo zaidi katika kitu kisicho cha barafu, hivyo dakika 10 au 15 nje ya friji hufanya kazi ya kijiko cha sukari. Vitamu vya badala havinivutii hapa. Erithritoli hurudia kuwa chembe ngumu ikipoa na huacha ubaridi wa ajabu mdomoni. Stevia huongeza uchungu mahali ambapo uchungu tayari upo. Tena shirika hilohilo, mwezi Mei 2023, lilishauri vitamu visivyo sukari, stevia ikiwemo, visitegemewe kama njia ya kudhibiti uzito.

Kahawa na kakao ndivyo vya kuongezwa. Mafuta yakipungua, harufu inakosa wa kuibeba, na dawa ni kuifanya iwe kali zaidi tangu mwanzo. Waitaliano wengi huchanganya robusta ndani ya kahawa yao ya espreso ili kupata uzito na uchungu, na msomaji wa Kagera au wa Uganda, ambako robusta ndiyo kahawa ya nyumbani, ana malighafi bora kuliko anavyodhani. Sehemu moja ya robusta kwa sehemu mbili za arabika ya Kilimanjaro au ya Mbinga, ikipikwa nzito kwa birika la moka au hata kwa sufuria na kuchujwa vizuri, inatosha kabisa. Kahawa ya unga wa kuyeyuka itumike tu pale ambapo hakuna nyingine. Tangawizi na iliki za kahawa chungu ya pwani ni nzuri mahali pake, lakini humu zinafunika kakao, nami naziacha kwenye mdila.

Kwa trei ya sentimita 20 kwa 30, yenye vipande 12, viungo vinakuwa hivi: maskarpone gramu 250, mtindi uliochujwa gramu 400, mayai 3, sukari gramu 100, biskuti 24 za savoiardi, kahawa nzito mililita 300, unga wa kakao usio na sukari gramu 15, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili.

Mayai hayaliwi mabichi. Mapishi ya Treviso hayapiki viini, lakini vijidudu vya salmonella havijali hati ya kisheria, na mahali ambapo umeme hukatika na friji hupoa nusunusu hatari inakuwa kubwa zaidi. Weka viini vitatu na nusu ya sukari kwenye bakuli la chuma juu ya sufuria yenye maji yanayotokota kwa utulivu, bila bakuli kugusa maji, ongeza vijiko viwili vya mezani vya kahawa, upige mfululizo bila kupumzika. Kahawa hiyo inaongeza ladha na pia inazuia viini visigande vipandevipande. Kwanza mchanganyiko unakuwa mwepesi na wenye mapovu makubwa. Kisha mapovu yanakuwa madogo, rangi inafifia, na chombo cha kupigia kinaacha michirizi inayokawia kufutika. Kipimajoto kikionyesha nyuzi 71, ondoa, uendelee kupiga nje ya moto hadi upoe. Ute nao ufanyiwe vivyo hivyo pamoja na sukari iliyobaki na ile chumvi: juu ya mvuke hadi nyuzi 71, ukikoroga wakati wote, kisha nje ya moto upigwe kwa mashine hadi usimame na kung'aa.

Maskarpone ichanganywe na viini vilivyokwisha kupoa, kwa mwiko na si kwa mashine, kwani ikipigwa sana mafuta yake hujitenga na kuwa chembe kama siagi, wala hairudi tena. Mtindi unafuata. Mwisho unaingia ute, kwa awamu tatu, ukigeuza mwiko polepole kutoka chini kwenda juu. Awamu ya kwanza ni ya kulainisha tu, na hewa yake ikipotea haidhuru.

Biskuti zichovywe kwenye kahawa iliyopoa, sekunde moja kila upande. Katika tiramisu ya asili mpishi anaweza kuwa mkarimu, kwa sababu krimu ile haidondoshi maji. Katika hii, krimu itatoa unyevu wake kidogo usiku, na biskuti lazima iachiwe nafasi ya kuupokea. Ukiivunja moja baada ya kuichovya, katikati yake ibaki na mstari mweupe mkavu. Panga safu ya biskuti 12, nusu ya krimu, safu ya pili, krimu iliyobaki, ufunike na kuacha kwenye friji angalau saa sita. Kakao inyunyizwe wakati wa kupeleka mezani, kwani ikilala juu ya krimu yenye mtindi hulowa na kuwa madoadoa meusi. Iliwe ndani ya siku mbili.

Kwa vipimo hivi trei nzima ina kilokalori 2,900 hivi, yaani karibu 240 kwa kipande, dhidi ya 440 za Treviso. Hata hivyo ulinganisho huo una hila ndani yake, na mapishi mengi mepesi huishi kwa hila hiyo: kipande cha Treviso kina uzito wa gramu 135 hivi, chetu kina 120 tu. Kipimo cha haki ni gramu 100 kwa gramu 100, na hapo ni 325 dhidi ya takriban 200, punguzo la zaidi kidogo ya theluthi moja. Mafuta yameshuka kutoka karibu gramu 26 kwa kipande hadi 13, na wanga kutoka 45 hadi 22 au 23. Mwenye kisukari aangalie takwimu hiyo ya mwisho na asilitazame jina "nyepesi", kwa kuwa zaidi ya nusu ya wanga huo sasa umo ndani ya biskuti, na njia kubwa ya kuupunguza zaidi ni kuweka safu moja ya biskuti badala ya mbili. Kafeini nayo ipo palepale: anayesumbuliwa na usingizi, au anayeandalia watoto, atumie kahawa iliyoondolewa kafeini, aipike nzito vilevile.